Usukani Unacheza, Tairi Linaliwa Upande: Kutafuta Ubovu wa Tairodi, Kuilegeza na Kuirekebisha

Gari likianza kugonga mbele, au tairi likianza kuliwa upande mmoja, ushauri wa kwanza utakaoupata ni "kapige alaimenti", yaani kapimishe na kupanga mwelekeo wa tairi kwa mashine. Unakwenda, unalipa, unapewa karatasi yenye namba za kijani tupu, na wiki chache baadaye tairi linaendelea kuliwa kama kawaida. Mashine haikukudanganya. Ilipima gari likiwa limetulia, na tairodi iliyolegea, ile fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye tairi, ikiwa imetulia nayo mahali fulani ndani ya ulegevu wake. Ulipotoka getini na kupita rasta ya kwanza, ikahamia kwingine.

Kwa hiyo hapa tunafuata mpangilio ambao gereji nyingi huuruka: kwanza kutafuta kinachocheza, kisha kulegeza, na kupima mwisho kabisa.

Tuchukue magari madogo ya Toyota yenye stelingi ya reki: Corolla, Probox, Vitz, IST na ndugu zao. Ndiyo yaliyojaa barabarani, na mpangilio wa mbele unafanana vya kutosha. Reki, ile fimbo yenye meno inayosukumwa na usukani kushoto na kulia, imelala kwa mapana, nyuma ya usawa wa ekseli. Kila upande wake kuna reki endi: fimbo ya chuma ambayo mwanzo wake una gololi iliyofichwa ndani ya buti la raba lenye mikunjo, na mwisho wake una uzi. Uzi huo unaingia kwenye tairodi endi, kile kipande kifupi chenye gololi nyingine, ambacho mguu wake umezama kwenye mkono wa nako, kile chuma kinachobeba tairi na kugeuka nalo. Mahali fimbo inapoingia kwenye endi kuna lokinati inayozibana zisizunguke. Urefu wa tairodi unaongezwa au kupunguzwa hapo tu, kwenye uzi.

Inagonga kwenye njia mbovu, ikifika lami inanyamaza

Endi iliyokwisha ina mlio mkavu na mfupi, tok-tok-tok, unaosikika zaidi ukipita vijiwe au rasta kwa mwendo mdogo. Tatizo ni kwamba linki ya stabilaiza (kifimbo kinachoshika ile bomba ya kuzuia gari lisilale kwenye kona) iliyokufa inalia karibu vilevile, na kwenye barabara zetu mara nyingi linki ndiyo inayotangulia kufa. Watu wengi wamebadilishiwa tairodi endi nzima kwa kosa la linki.

Kuzitenganisha hakuhitaji jeki. Gari likae chini kwa uzito wake, breki ya mkono imevutwa, injini inawaka ili usukani uwe mwepesi. Mwenzako akae ndani autikise usukani kushoto na kulia, upesi upesi, kiasi kidogo tu ambacho hakifikii kuligeuza tairi lote. Wewe ingiza mkono nyuma ya tairi, ufunike kwa kiganja endi pamoja na mkono wa nako kwa wakati mmoja. Endi nzima utaihisi ikienda pamoja na nako, kitu kimoja. Iliyokwisha inatangulia yenyewe kidogo, kisha ndiyo nako inafuata, na katikati yake kuna mguso mdogo unaouhisi kwenye vidole kabla hujausikia kwa sikio. Vidole visikae kati ya tairi na bodi, na mwenzako ajue hilo kabla hajaanza.

Jaribio hilo kwa kawaida haliamshi linki ya stabilaiza. Linki utaikamata kwa kulisukuma gari juu na chini kwenye kona, au kwa kuishika yenyewe na kuitikisa kwa nguvu.

Ukiwa hapo chini, angalia na mwili wa reki. Ikiwa reki nzima inasogea kushoto na kulia kabla tairodi hazijaanza kwenda, bushi za kuishikilia zimekufa au bolti zake zimelegea. Ubovu huo hujificha vizuri sana, kwa sababu endi zote ukizishika ni nzima.

Usukani una mchezo

Pima kwanza ni mchezo wa kiasi gani. Tairi zikiwa zimenyooka, zungusha usukani kidogo kidogo kwa kidole huku ukiangalia tairi, na uone ukingo wake unakwenda umbali gani kabla tairi halijaitikia. Kwa Toyota hizi kikomo ni milimita 30. Chini ya hapo gari lako halina ugonjwa wa mchezo. Labda umezoea usukani mwingine.

Ukizidi, inua gari. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Likishapanda, weka stendi chini ya chesisi, na tairi za nyuma uziwekee vizuizi. Mawe na matofali ya saruji si stendi, tofali linapasuka bila kukuaga.

Shika tairi mikono ikiwa saa tatu na saa tisa za uso wa saa, ulisukume na kulivuta. Kisha shika juu na chini, ufanye vilevile. Ulegevu unaotokea ubavuni pekee ni wa njia ya usukani: endi, reki endi au reki yenyewe. Unaotokea juu na chini ni wa bolijointi ya ami au beringi ya haabu. Ukitokea pande zote, mshukiwa mkuu ni beringi, na kuna namna rahisi ya kuhakikisha: mwenzako akanyage breki. Breki inaishika diski na nako pamoja, kwa hiyo ulegevu wa beringi unatoweka. Ulegevu ukibaki palepale breki ikiwa imekanyagwa, beringi haina hatia.

Hapa watu wengi hujidanganya. Unasukuma tairi la kulia, linakwenda, unasema "hii imekufa". Tazama tairi la kushoto. Kama nalo linageuka kwa wakati uleule, hujagundua ulegevu wowote, umezungusha usukani kupitia tairi. Funga usukani kwa kutoa ufunguo, au mwenzako aushike, ndipo urudie.

Ukiwa na hakika ulegevu upo, bado hujajua ni endi ya nje au reki endi ya ndani. Ya nje unaiona kwa macho, mguu wake unacheza ndani ya kikombe chake. Ya ndani imejificha, kwa hiyo bonyeza buti la mikunjo kwa vidole mpaka uishike gololi iliyomo, tairi likiwa linatikiswa. Reki endi mbovu inagonga ndani ya buti, na fimbo inaingia na kutoka ilhali reki imesimama. Usiruke hatua hii. Kubadilisha endi ya nje wakati iliyokufa ni ya ndani ni kosa la kila siku, na mwenye gari ndiye anayelipa mara mbili.

Na kama zote ni ngumu, panda juu kidogo: jointi ya shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani, au meno ya reki yenyewe. Nyuma ya reki kuna nati kubwa ya kubana meno, na mafundi wengine hukimbilia kuikaza. Ikikazwa kupita kiasi usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona, jambo ambalo ni hatari kuliko mchezo uliotaka kuuondoa.

Buti limepasuka lakini hakuna kinachocheza

Bado. Grisi ya endi ikichanganyika na vumbi inageuka kuwa msasa unaosaga gololi kila unapokata kona. Kuchoma grisi kwa sindano kupitia raba iliyopasuka kunanyamazisha kelele kwa siku kadhaa na hakuponyi kitu. Wapo pia wanaogonga kitako cha endi kwa nyundo ili ibane gololi, au wanaotia weldi. Endi ikichomoka kwenye mwendo, tairi moja linageuka linakotaka lenyewe na usukani uliobaki mkononi hauliamuru. Usikubali kufanyiwa hivyo hata kama duka la spea limefungwa na una haraka.

Tairi linaliwa

Kabla ya kusoma tairi, kagua upepo. Tairi lililoliwa mabega yote mawili limekaa muda mrefu na upepo mdogo, lililoliwa katikati limejazwa kupita kiasi. Hayo hayahusiani na tairodi.

Lililoliwa bega moja lina washukiwa wawili, na mkono wako unaweza kuwatofautisha. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, vile vipande vya raba vinavyokanyaga barabara, kwa mapana, kutoka ndani ya gari kwenda nje, kisha urudi. Kama ni laini njia zote mbili ilhali bega moja limeisha, shutumu kamba ya tairi, yaani ule mlalo wake wa juu na chini: ami iliyopinda, bushi zilizokufa, springi iliyokaa. Tairodi haiwezi kurekebisha hilo. Kama mkono unateleza njia moja na kukwaruzwa njia nyingine, kashata zina makali kama meno ya msumeno, na hapo tairi limekuwa likiburuzwa kwa ubavu. Hiyo ndiyo kazi ya tairodi.

Makali yenyewe yanasema zaidi. Mkono ukikwaruzwa unapotoka ndani kwenda nje, tairi zimebana mbele, zinatazamana. Mafundi huita toini. Ukikwaruzwa unapotoka nje kwenda ndani, zimepanuka mbele, yaani toauti. Fanya hivyo kwa tairi zote mbili za mbele kabla hujapima chochote. Kipimo kitakachokuja baadaye kikipingana na mkono wako, kipimo kimekosewa au kuna kitu bado kinacheza.

Gari linavuta upande mmoja

Tairodi inasingiziwa sana hapa. Gari lililobana au kupanuka mbele linaharibu tairi na kufanya usukani uwe na wasiwasi, linatangatanga, lakini mara chache linavuta. Linganisha upepo kwanza. Kisha badilishana tairi za mbele, la kushoto lije kulia. Likibadili upande wa kuvuta, ubovu uko ndani ya tairi. Likiendelea vilevile, gusa rimu baada ya safari fupi: upande unaochoma mkono una breki inayokwama. Kumbuka pia tunaendesha kushoto na barabara nyingi zimeinama kuelekea kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo kuvuta kidogo kwenda kushoto kwenye lami yenye mgongo si ugonjwa.

Gari linakwenda sawa ila usukani umekaa upande

Hii kwa kawaida ni kovu la kazi ya jana: fundi alirekebisha tairodi moja akaiacha nyingine. Dawa yake ni kuzungusha tairodi mbili kwa kiasi sawa, moja irefuke na nyingine ifupike, na kubana kwa mbele hakutabadilika. Kwa magari haya yenye reki nyuma ya ekseli, usukani ulioinamia kulia wakati gari linakwenda moja kwa moja unataka tairodi ya kulia ifupishwe na ya kushoto irefushwe. Ukiinamia kushoto, kinyume chake.

Asikwambie mtu kwamba atauchomoa usukani na kuurudisha meno mawili mbele. Chini ya usukani kuna waya uliojiviringisha wa eabegi. Ukipoteza katikati yake, kona moja ya kukata usukani mpaka mwisho inaukata. Kwenye magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza kuna pia sensa ya pembe ya usukani ambayo itawasha taa kwenye dashibodi. Zaidi ya hayo, tairodi zitakuwa na urefu tofauti na gari litakata kona upande mmoja kuliko mwingine. Toyota inataka tofauti ya urefu wa uzi unaoonekana kati ya kulia na kushoto isizidi milimita 1.5. Ukiona upande mmoja uzi umetoka nje sana na mwingine umezama, na gari linakwenda sawa, kuna kitu kimepinda: fimbo, mkono wa nako au ami. Tafuta hicho kwanza.

Kulegeza: lokinati imegoma

Safisha uzi kwa brashi ya waya kabla ya kitu chochote. Nusu ya lokinati zinazoitwa "zimeshika kutu" zimeshikwa na matope yaliyokauka kwenye uzi ulio mbele yake. Baada ya hapo nyunyiza mafuta ya kulainisha kutu na uyape muda. Magari ya pwani, Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, yape usiku mzima, chumvi ya huko haina mchezo. Mafuta ya breki weka mbali: hayalainishi kutu kama watu wanavyodhani, na yakimwagikia rangi yanaitafuna.

Legeza lokinati endi ikiwa bado imefungwa kwenye nako. Ukishachomoa endi, unakuwa na fimbo inayobembea na huna cha kukazia. Spana moja ishike bapa la endi isigeuke, nyingine iwe kwenye lokinati, na uzipange hivi kwamba zinakaribiana kiasi cha kuzibana pamoja kwa kiganja kimoja au kuzisogeza kwa kusukumana. Nguvu inabaki kati ya spana mbili na gololi haipati shida. Swali la kuzungusha kulia au kushoto linawachanganya wengi wakiwa wamelala chali. Lisahau, angalia nati: inatakiwa iache endi na kusogea kuelekea reki.

Vaisigripu ni ya mwisho kabisa, maana baada yake spana haitashika tena. Nati ikigoma hata baada ya mafuta, ipashe moto kwa gesi, nati tu na kwa muda mfupi, mbali na buti. Endi iliyopata moto usiirudishe kwenye gari. Raba na kikombe chake cha ndani havivumilii, kwa hiyo moto uwe uamuzi wa siku unayobadilisha endi.

Na kuna fimbo isiyotaka kuzunguka ndani ya endi ingawa lokinati imeachia. Ishike kwenye bapa lake lililotengenezwa kwa ajili ya spana, karibu na buti. Ukishika mahali penye uzi kwa plaizi, uzi unavimba na lokinati haitapita.

Endi haichomoki kwenye nako

Kama unarekebisha tu urefu, huna haja ya kuichomoa. Wengi huichomoa bila sababu na kuharibu raba nzima.

Kama unabadilisha, nyoosha na kutoa pini ya nati, legeza nati lakini usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi chache za mwisho ili endi ikiachia isiruke na uzi usijeruhiwe. Mguu wa endi ni mwembamba upande wa nati, mnene upande wa gololi, umejikita kwenye tundu lililochongwa hivyo hivyo, na kinachoushika ni msuguano. Kugonga ncha ya mguu kunaupanua kichwa na kuharibu uzi tu. Gonga jicho la mkono wa nako kwa ubavu, pigo mbili tatu nzito, na nyundo nyingine kubwa ikiwa imeegeshwa upande wa pili. Jicho linatikisika, tundu linaachia, na endi inaachia kwa mlio wa "pang" usioweza kuukosea. Pula ya tairodi inafanya kazi hiyo kwa ustaarabu zaidi. Ule uma wa kupigilia katikati unachana raba karibu kila mara, kwa hiyo ni wa endi inayokwenda jalalani.

Hitilafu nyingine inayokera ni nati kuzunguka pamoja na mguu wake. Msuguano umepotea: endi imeshaachia tunduni ila nati bado iko juu ya uzi. Kama mguu umetazama juu, weka jeki ndogo chini ya endi na uipandishe taratibu mpaka mguu ujikite tena, kisha zungusha nati. Endi ambazo mguu wake umekaa kwa namna nyingine zinabanwa kwa klampu. Baadhi zina tundu la pembe sita kwenye ncha ya mguu kwa ajili ya kuushika.

Kabla ya kuchomoa fimbo kwenye endi ya zamani, weka alama kwa rangi ya kucha kwenye uzi na hesabu mizunguko mpaka itoke. Hesabu hiyo inakufikisha gereji ya alaimenti tu. Endi mpya ya kampuni nyingine inaweza kuwa fupi au ndefu kwa milimita kadhaa, kwa hiyo pima pia kutoka katikati ya mguu mpaka lokinati, ufuate kipimo hicho mizunguko ikigombana nacho.

Wakati wa kufunga, mguu na tundu viwe vikavu na visafi, bila grisi. Kwa Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 2000 nati ya mguu inakazwa Nm 49 na lokinati Nm 74. Tundu la pini lisipolingana na meno ya nati, kaza mbele kidogo mpaka lilingane. Kulegeza nyuma ili pini ipite ni marufuku.

Reki endi ya ndani ni kazi nyingine, inataka buti litoke na spana yake maalumu. Nataja moja tu: washa yenye makucha inayoizuia isijifungue haitumiki mara mbili.

Kurekebisha: robo mzunguko ni mwingi

Chukua uzi wa hatua ya milimita 1.5, ambao ni wa kawaida kwenye tairodi. Mzunguko mmoja unaongeza urefu wa milimita 1.5. Kama mkono wa nako una urefu wa sentimita 13 na tairi lina kipenyo cha sentimita 60, tairi hilo moja linabadilika karibu milimita 7 kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma. Robo mzunguko ni milimita 1.7. Sasa, kipimo kinachotakiwa kwenye Corolla hizo ni sifuri, na kinaruhusiwa kuzidi au kupungua milimita 2, jumla ya tairi zote mbili. Anayekwambia "nimekaza mizunguko miwili nikaona iko sawa kwa macho" amelisogeza tairi zaidi ya sentimita moja.

Ukitaka kupima mwenyewe, si kwa ajili ya kuikimbia mashine bali kujua kama unaihitaji, sakafu tambarare na tepu vinatosha. Inua tairi, lizungushe huku umeegesha msumari kwenye kashata ya katikati mpaka uchore mstari mwembamba wa mviringo. Fanya hivyo pande zote mbili. Shusha gari, lisukume mbele mita chache ili tairi zikae zinavyokaa barabarani, usukani ukiwa katikati. Weka nukta ya chaki juu ya kila mstari, upande wa nyuma wa tairi, juu kadiri tepu inavyoweza kupita bila kugusa tumbo la gari. Pima kati ya nukta na nukta. Sukuma gari mbele mpaka nukta zilezile zifike upande wa mbele kwa kimo kilekile, upime tena. Kwa kuwa umepima nukta zilezile, rimu iliyopinda haikudanganyi. Namba ya mbele ikiwa ndogo kuliko ya nyuma, zimebana. Ikiwa kubwa, zimepanuka. Usirudishe gari nyuma kutafuta nukta uliyoipita. Likirudi nyuma tairi hujipanga upya na kipimo kinakufa, anza tena.

Marekebisho gawa nusu kwa nusu kati ya kulia na kushoto. Reki ikiwa nyuma ya ekseli, kurefusha tairodi kunabana tairi mbele na kufupisha kunapanua. Gari ambalo reki au tairodi yake iko mbele ya ekseli linakwenda kinyume, kwa hiyo chungulia kabla ya kuzungusha. Uzi unaoonekana ukiongezeka, umerefusha. Hilo halihitaji kukumbuka mkono wa kulia wala wa kushoto.

Kabla ya kuzungusha fimbo, legeza klipu ya nje ya buti na upake grisi kidogo mahali raba inapokaa juu ya fimbo. Ukisahau, fimbo inazunguka na buti nalo, mikunjo inajisokota, na baada ya muda inachanika. Maji na mchanga vikiingia hapo, reki nzima inafuata. Ukikuta gari limetoka alaimenti na mikunjo ya buti imelala mshazari badala ya kusimama wima, lirudishe siku hiyohiyo.

Kwa magari yenye stelingi boksi na ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, tairodi ni moja ndefu. Unalegeza klampu zake na kuizungusha yenyewe. Upande mmoja una uzi wa kushoto na mwingine wa kulia, kwa hiyo inarefuka au kufupika bila kuchomoa kitu.

Ukimaliza, shika endi kwa spana isigeuke unapokaza lokinati. Ikiachwa ifuate nati, gololi inalala upande mmoja wa kikombe, na kona ya kwanza ya kukata usukani mpaka mwisho inalazimisha mguu. Jaribu kuitikisa fimbo kwa mkono kwa kuizungusha: inatakiwa iyumbe kidogo mbele na kidogo nyuma, sawa kwa sawa. Kisha chora mstari wa rangi unaopita juu ya endi, lokinati na fimbo kwa pamoja. Ukipita chini ya gari baada ya wiki moja ukakuta mstari umekatika, lokinati imelegea na kipimo kimeshahama. Kaza upya baada ya kupima, si kabla.